Vyaelea, Vimeundwa

Tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba ambalo kila msafiri anayekaribia bandari ya Unguja hulitazama kabla ya mengine yote, iliporomoka wakati kazi ya matengenezo ikiendelea. Watu wawili walifariki dunia. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883, zama za Sultan Barghash, na dalili za kuchoka kwake zilikuwa zimeonekana miaka mingi kabla ya siku hiyo. Hatukusudii leo kufufua lawama. Tunalikumbusha tukio hilo kwa kuwa limetuachia swali ambalo haifai tulikalie kimya: jengo linapokuwa si la kuaminika tena, ni nani aingie kwanza?

Swali hilo hilo lilirudi kwa uchungu tarehe 16 Novemba, 2024, wakati jengo la ghorofa lilipoanguka Kariakoo, Dar es Salaam, na kuua watu zaidi ya 20. Kwa siku kadhaa askari wa zimamoto, wanajeshi na raia wema walichimba kifusi ili kuwafikia wenzao waliokuwa chini. Kila aliyeinama na kuingia katika matundu yale aliingia akijua kwamba zege lililokwisha kuanguka mara moja laweza kuanguka mara ya pili. Tunawapa heshima inayowastahili. Hata hivyo, ushujaa wa mwokozi usiwe sababu ya kumnyima chombo cha kazi.

Chombo chenyewe kipo duniani. Ni roboti ya ardhini, yaani gari dogo lisilo na dereva ndani yake, litambaalo juu ya mawe, ngazi na tope, likibeba kamera, taa, kipaza sauti na vipimo vya joto na hewa, huku mwendeshaji wake akiwa amekaa mahali pa salama. Nyingine zina ukubwa wa sanduku la viatu. Nyingine huhitaji watu wawili kuzibeba. Twapenda kulieleza jambo hili kwa kirefu kidogo, maana wapo wanaodhani kuwa ni mchezo wa mataifa tajiri, na wapo wanaodhani kuwa ni muujiza wa kumaliza taabu zote. Pande zote mbili zimekosea.

Mwaka 2001, baada ya majumba ya World Trade Center kuangushwa mjini New York, roboti ndogo ziliingizwa katika kifusi kwa mara ya kwanza katika kazi halisi ya uokozi. Zilipenya katika nyufa ambazo mtu wala mbwa hangeweza kupita, na zilisaidia kuonyesha miili ya marehemu. Lakini ukweli usemwe: hazikumwokoa mtu hata mmoja aliye hai. Joto la kifusi lililegeza minyororo yao, na kokoto zilikwama katika magurudumu. Waliozitengeneza walirudi karakanani na kuanza upya, wakiwa wamejifunza kwamba sakafu laini ya chuoni haifanani kabisa na kifusi.

Fundisho kubwa zaidi, na ambalo latuhusu sisi watu wa visiwani, latoka kwa wenzetu wa visiwani pia. Mwezi Septemba 1999 ilitokea ajali ya nyuklia huko Tokaimura, Japani, na wafanyakazi wawili walikufa kutokana nayo. Serikali ya nchi hiyo ilitenga fedha, wahandisi wakaunda roboti za kuingia mahali pa hatari. Haukupita muda mrefu roboti hizo zikaonekana hazina haja. Ilisemekana kwamba ajali kubwa haitatokea. Fedha zikakoma, mafundi wakatawanyika, vyombo vikawekwa kando.

Tarehe 11 Machi, 2011, tetemeko na mawimbi ya tsunami yalipoiharibu mitambo ya Fukushima, Japani, nchi iliyosifika ulimwengu mzima kwa roboti za viwandani, ilijikuta haina roboti iliyo tayari kuingia. Roboti za kwanza kuingia katika majengo ya vinu, tarehe 17 Aprili mwaka huo, zilikuwa za aina ya PackBot, zilizotoka Marekani. Roboti ya Kijapani iitwayo Quince, kazi ya vyuo vikuu vya nchi hiyo, iliingia mwezi Juni, baada ya kufanyiwa marekebisho ya haraka. Ilipanda ngazi na kupima mionzi mahali ambapo mtu asingeweza kukaa. Mwezi Oktoba waya wake wa mawasiliano uliharibika ndani ya jengo, nayo ikabaki humo humo. Hadithi hii twaiona ni onyo kwa kila serikali: ujuzi usiotunzwa hupotea, na siku ya haja haungoji uanze kujifunza.

Je, kuunda roboti ya namna hii kunataka nini? Kwanza mwili. Ni lazima uwe na minyororo kama ya katapila, pamoja na mikono mifupi ya mbele iwezayo kunyanyuka ili kushika ngazi na kuvuka boriti iliyolala. Uzito mwingi uwekwe chini ili chombo kisipinduke. Na kikipinduka, kiweze kujigeuza. Kila kiungo kizibwe vizuri vumbi na maji yasipenye. Hapa hatuhitaji kufundishwa na mtu wa mbali. Fundi wa jahazi wa Nungwi anajua maana ya kalafati: chombo hakizamishwi na wimbi kubwa peke yake, hata mwanya mdogo uliosahauliwa huweza kukizamisha. Tena anajua jinsi chumvi ya bahari ilavyo msumari. Roboti iliyonunuliwa kutoka nchi kavu yenye baridi, ikawekwa ghalani pwani yetu bila ya matunzo, itakuwa chuma kibovu kabla ya kuitwa kazini.

Pili ni akili ya chombo, yaani programu zinazokiongoza. Kuta nene huua mawimbi ya redio. Kwa sababu hiyo wahandisi wa Quince waliongeza waya, na waya nao ukaleta balaa lake. Programu nzuri hukifundisha chombo la kufanya mawasiliano yanapokatika: kisimame, kingoje, kisha kirudi kwa njia ile ile kiliyojia. Humsaidia pia mwendeshaji kuchora ramani ya mahali chombo kilipopita, kwa kutumia miali ya leza inayopima umbali wa kila ukuta. Bila ya msaada huo mwendeshaji ni kama mtu anayechungulia nyumba kupitia tundu la ufunguo. Huchoka upesi na hupotea upesi. La kufurahisha ni kwamba sehemu kubwa ya elimu hii haijafungiwa. Mfumo wa programu uitwao ROS, ulioanza kuundwa mwaka 2007 na ambao hutumika katika maabara nyingi duniani, hutolewa bure, na kijana mwenye kompyuta ya kawaida aweza kujifunza na kujaribu roboti ya kuigiza ndani ya kompyuta hiyo kabla hajanunua hata mota moja.

Tunajua kwamba wasomaji wengine watauliza: visiwa vyetu vina haja ya dawa, madawati na maji, roboti za nini? Swali hilo ni la haki, nasi hatulidharau. Hatudai kwamba zinunuliwe mashine za fahari za kuonyeshwa wageni siku za maadhimisho, kisha zifunikwe turubai. Wala hatudai kwamba roboti yaweza kuchukua mahali pa ukaguzi wa majengo. Nyumba iliyojengwa kwa saruji pungufu itaanguka, iwe roboti ipo au haipo. Tunachodai ni kidogo na chawezekana.

Mji Mkongwe, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, umejaa nyumba za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, zenye dari zinazoshikiliwa na boriti za mikoko. Maji yakipenya juu, boriti huoza mahali pasipoonekana, na nyumba huanguka siku ambayo mpangaji hakuitazamia. Roboti ndogo yenye kamera na taa, iwezayo kutambaa katika vyumba vilivyofungwa na darini ambako mkaguzi haamini sakafu yake, ingefanya kazi kila wiki badala ya kungoja maafa. Na mwendeshaji anayeitumia kila wiki ndiye atakayekuwa na mkono mwepesi siku ya maafa. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo njia ya kuikwepa aibu iliyowapata Wajapani: chombo kipewe kazi ya kila siku ili kisisahauliwe.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa wahusika. Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar vipewe jukumu moja la pamoja, la kuunda roboti moja imara, si kumi, kwa vifaa ambavyo spea zake zapatikana hapa au Dar es Salaam. Kikosi cha Zimamoto na Uokozi kiwe mezani tangu siku ya kwanza, kwa maana mwenye kuingia katika moshi ndiye ajuaye swichi ipi haishikiki kwa mkono wenye glovu. Mamlaka ya Mji Mkongwe itoe nyumba mbovu moja iwe uwanja wa majaribio. Tena kitengwe kifungu cha matunzo cha kila mwaka, maana fedha ya kununua bila ya fedha ya kutunza ni fedha iliyotupwa.

Asiwepo wa kusema kwamba sisi wa sehemu hizi hatuna cha kuongeza katika elimu ya uokozi. Huko Morogoro, shirika la APOPO pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wamewafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na panya hao wamefanya kazi hiyo Msumbiji, Angola na Kambodia. Wengine wamekuwa wakifunzwa kutafuta watu chini ya kifusi, wakiwa wamevikwa mikoba midogo yenye vyombo vya mawasiliano. Dunia imekuja kujifunza kwa panya wa Morogoro. Kwa nini isije siku moja kujifunza kwa fundi wa Unguja au Pemba?

Kwa wananchi wenzetu tuna neno moja. Chombo bora kuliko vyote bado ni jicho la jirani. Aonaye ufa unapanuka, ukuta umevimba au nguzo imekatwa ili kupanua duka, asinyamaze kwa kuogopa kuitwa mchongezi. Na kiongozi anayepelekewa habari hiyo asiiweke chini ya mafaili.

Wahenga wetu waliosema kwamba vyaelea vimeundwa walikuwa wakitazama majahazi yaliyochukua miezi mingi ufukweni kabla ya kuguswa na maji. Hakuna aliyeanza kuchonga jahazi siku ya tufani. Nasi tuanze sasa, wakati bahari imetulia, ili siku itakapoulizwa tena ni nani aingie kwanza, jibu lisiwe jina la mtoto wa mtu.