Macho ya wagonjwa wa kifua kikuu yapimwe

Mgonjwa wa kifua kikuu anayeanza matibabu mjini Bunia humeza etambutoli pamoja na dawa zingine kwa miezi 2 ya kwanza. Dawa hiyo inaweza kuumiza mshipa wa fahamu wa jicho: mtu huona ukungu, au huchanganya nyekundu na kijani. Ikisimamishwa mapema, mara nyingi macho hupata nafuu.

Ulaya, mgonjwa wa kansa ya ngozi anayetumia trametinib akilalamikia macho, hutumwa haraka kwa muganga wa macho. Wa Ituri anastahili vilevile.

Asiache dawa mwenyewe, kwani kifua kikuu huua. Akimbilie kituo cha afya. Nao waganga wamuonye siku ya kwanza, wamuulize kila mwezi. Kuuliza hakugharimu hata faranga moja.