Zebaki Haitoki kwa Kuosha

Mama anayejua samaki humtazama macho, akamfunua matamvua. Yakiwa mekundu, humnunua bila wasiwasi. Hata hivyo, iko sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo ni ya madini mazito kama vile zebaki, risasi na kadimiamu.

Madini haya hufika majini kwa uchafu wa viwanda na taka za mijini. Kule Migori, wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki kunasa chembe za dhahabu katika mawe yaliyosagwa. Inayomwagika husombwa na mvua hadi Mto Migori, ambao huungana na Mto Kuja na kuingia Ziwa Victoria.

Samaki huipata sumu kwa maji yanayopita kwenye matamvua na kwa chakula chake. Kadimiamu hujilimbikiza katika ini na figo. Risasi hukaa zaidi kwenye mifupa, matamvua, ini na figo. Samaki mwenyewe huumia: matamvua huharibika akapumua kwa shida, na uzazi wake hupungua.

Kwa hiyo, kutoa matumbo na matamvua kunasaidia. Lakini zebaki ni mjanja. Bakteria wa kwenye tope huigeuza ikawa ya aina inayoshikamana na nyama yenyewe. Ukaange, uchemshe au utie ndimu, haitoki! Tena huongezeka kila samaki mmoja anapomla mwingine. Ndiyo sababu mbuta mkubwa, aliyeishi miaka mingi akila wenzake, huwa na zebaki kuliko omena.

Je, tuache samaki? La, hasha. Vipimo vya Ziwa Victoria vimeonyesha kwamba zebaki katika samaki wengi huwa chini ya kiwango cha hatari, na samaki hujenga mwili wa mtoto. La muhimu ni kuchagua. Mama mjamzito apendelee ngege na omena kuliko mbuta mkubwa, kwani zebaki hupita hadi kwa mtoto aliye tumboni na kudhuru ubongo unaokua.

Nasi wa mjini tusiwanyoshee kidole wachimbaji peke yao. Betri kuukuu ya gari iliyotupwa mtaroni ina risasi, na mtaro huishia mtoni. Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao.