Kitabu cha Kiingereza cha mwanao kinamjua?

Mzazi, ukiingia duka la vitabu kumtafutia mtoto kitabu cha Kiingereza, unaangalia nini? Wengi wetu tunaangalia jalada, picha na bei. Kikiwa kimetoka Ulaya, tunaamini ni kizuri zaidi.

Wiki hii tujifunze kutoka China. Mwaka 2001 Wizara ya Elimu ya nchi hiyo ilielekeza shule za msingi zianze kufundisha Kiingereza darasa la tatu. Baadhi ya miji, kama Shanghai, huanza darasa la kwanza. Vitabu ni vingi, na mzazi wa huko naye anahangaika kuchagua.

Kabla ya Kiingereza, mtoto wa Kichina huwa ameshafundishwa pinyin, yaani Kichina kinachoandikwa kwa herufi hizi hizi tunazotumia sisi. Ila sauti ni tofauti. Humo, herufi c husomwa "ts" na q hukaribia "ch". Mtoto aliyezoea hivyo akiliona neno "cat", ulimi unaanza na "ts". Kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya mtoto wa London hakina habari na jambo hilo. Kitabu kinachomfaa humsikilizisha neno kwanza, ndipo kimwonyeshe herufi zake.

Kuna hili pia. Silabi ya Kichina sanifu huishia kwenye irabu au sauti chache kama n na ng. Ndiyo maana mtoto huongeza irabu mwishoni mwa "book" au "big". Usimcheke, sisi wenyewe "bank" tumeiita benki na "bus" tumeiita basi.

Halafu kuna "he" na "she". Kichina, kama Kiswahili, hutamka "yeye" kwa namna moja tu, awe mwanamume au mwanamke. Kitabu kinachopita hapo kwa zoezi moja kinamwacha mtoto akose kila siku, achekwe darasani, na mwisho aamue kunyamaza. Mtoto aliyenyamaza hajifunzi kuongea lugha yoyote.

Tusisahau macho. China ina watoto wengi wenye tatizo la kutoona mbali. Machi 2022 kilianza kutumika kiwango cha lazima cha taifa kuhusu vitabu na vifaa vya shule. Kwa darasa la kwanza na la pili, maandishi ya Kichina kitabuni yasipungue pointi 16. Maandishi madogo humfanya mtoto ainamie kitabu.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, fanya haya:

• Fungua ukurasa wa katikati, si wa kwanza. Mpe mtoto asome akiwa ameketi wima. Akisogeza uso karibu, maandishi ni madogo au macho yanahitaji kupimwa.

• Angalia kama kuna sauti za kusikiliza, nyimbo au mazungumzo, au ni kunakili tu.

• Tazama kama maneno ya somo la pili yanarudi somo la tano. Neno lisilorudiwa husahaulika.

• Tafuta "he" na "she". Je, yana mazoezi ya kutosha?

Kitabu kikishindwa maswali hayo, kirudishe rafuni hata kama jalada linang'aa. Kile cha bei nafuu kilichoandikwa na mtu anayeijua lugha ya nyumbani kwenu kinaweza kumfaa mwanao zaidi.