Mapambo ya Krismasi ni Kazi ya Watoto

Kila inapokaribia tarehe 25 Desemba, maduka ya miji yetu hujaa miti ya plastiki, taa za kumetameta na nyota za karatasi ing'aayo. Mtumishi aliyekwisha pokea mshahara wake hupita hapo, akasimama, akapiga hesabu kichwani, kisha akaona haya kurudi nyumbani mikono mitupu. Hununua. Januari inapoingia na shule kufunguliwa, ndipo anapotambua kwamba viatu na madaftari ya watoto viligeuka kuwa taa, na taa zenyewe zimekwisha ungua.

Simsemi mtu mwingine, najisema mwenyewe. Mwaka mmoja, nikiwa mwalimu wa shule ya msingi mkoani Kilimanjaro, nilinunua mti wa namna hiyo pamoja na vitufe vyake vya kioo. Niliusimamisha sebuleni, nikawaonya watoto wasiusogelee, maana vitufe vilikuwa vyepesi kuvunjika na fedha yake ilikuwa imeniuma. Watoto walikaa kwenye mkeka, mikono mapajani, wakiutazama kama wageni waliokuja ofisini. Binti yangu, aliyekuwa na miaka mitano, akaniuliza, “Baba, hii Krismasi ni ya kutazama tu?” Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimenunua furaha ya watoto, kisha nikawakataza kuigusa.

Yafaa tujikumbushe desturi hii ilikotoka. Mti wa Krismasi haukuagizwa na Maandiko. Ni desturi ya Wajerumani, ambao waliuchagua mti wa misitu yao wenyewe, usiopukutisha majani wakati wa baridi kali, wakautundika matofaa na maua ya karatasi. Nchini Uingereza ulipata umaarufu mkubwa baada ya gazeti la Illustrated London News kuchapisha, mwaka 1848, picha ya Malkia Victoria na mumewe Albert, mzaliwa wa Ujerumani, wakiuzunguka mti wao pamoja na watoto. Nalo pango la Noeli lina historia yake: mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, Fransisko wa Asizi alitumia hori, majani makavu, ng'ombe na punda walio hai. Watu hao wote walipamba kwa vitu vilivyokuwa karibu nao. Sisi tumeiga vitu vyao, tukaiacha busara yao.

Matokeo yake ni kichekesho. Tunachambua pamba iliyolimwa Shinyanga, tunaitawanya juu ya matawi ili ifanane na theluji, ilhali nje jua la Desemba linachoma. Theluji tuliyo nayo iko kileleni Kibo, nayo inazidi kupungua mwaka hadi mwaka. Mtoto wa Kitanzania haijui theluji, lakini hori analijua. Maelfu ya watoto wetu wamekata majani ya ng'ombe kabla ya kwenda shule. Habari ya mtoto aliyelazwa horini ingewaingia moyoni upesi kuliko watoto wengi wa Ulaya, lau tungewaachia waisimulie kwa mikono yao.

Na vifaa havikosekani. Mkrismasi, mti uliotoka Madagaska na kupewa jina hilo na wananchi wenyewe, huwaka maua mekundu Novemba na Desemba. Pwani kuna mvinje. Milimani kuna uzio wa misaiprasi unaohitaji kupunguzwa matawi. Uchaggani kuna jani la sale, ambalo wazee hulitumia kuombea msamaha. Mtoto atakayelitundika mlangoni na kuelezwa maana yake atajifunza kwamba haifai kuingia katika sikukuu na kinyongo.

Mwaka uliofuata niliuacha ule mti ndani ya boksi. Tuliyachukua madaftari yaliyokwisha, watoto wakayapaka rangi, wakayakata vipande, wakaunganisha mnyororo kwa gundi ya unga wa ngano. Vizibo vya soda vilipondwa na kutungwa uzi. Maganda ya mahindi yakawa nyota. Kwa udongo wa kichuguu walifinyanga ng'ombe, mbuzi na wachungaji; mchungaji mmoja alikuwa na kichwa kikubwa kuliko ng'ombe wake, na hakuna aliyeruhusiwa kumrekebisha. Watoto wa jirani yetu Mwislamu, ambao nasi huenda kwao siku ya Idi, walikuja wakafinyanga ngamia. Nyumba ilikuwa na takataka siku tatu. Lakini jioni ya tarehe 24 kila mtoto aliweza kunyosha kidole na kusema, “Hiki nimefanya mimi.”

Wapo watakaosema kwamba mti wa plastiki hudumu miaka mingi, na ni afadhali kuliko kukata mti mchanga kila mwaka. Hoja hiyo ni ya kweli. Aliye nao na autumie, wala hapana sababu ya kuutupa. Na asiye nao achukue tawi, asikate mti. Shabaha yangu si plastiki. Nauliza ni nani anayepamba. Ikiwa mzazi ananunua, anapanga na kulinda, mtoto hujifunza kwamba sikukuu ni kitu kinachotoka dukani na kwamba baba asiye na fedha hana sikukuu. Mafunzo hayo huyabeba hadi utu uzima.

Hata hivyo, uhuru wa watoto wahitaji uangalizi. Tawi lisimamishwe katika debe la mchanga mbichi ili lisikauke upesi, na mshumaa usiwekwe juu yake kamwe. Taa za umeme zizimwe kabla ya kulala. Vizibo, shanga na vipande vya maputo yaliyopasuka viwekwe mbali na wadogo, kwani huweza kuwakaba koo. Wala wasitumwe kukata mnyaa, maana utomvu wake hudhuru macho.

Walimu wenzangu watakumbuka kwamba Mwalimu Nyerere, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967, alitaka elimu isimtenge mtoto na kazi wala na mazingira yake. Jambo hilo twalihubiri darasani, kisha nyumbani twalisahau. Desemba hii, kabla ya kwenda dukani, na tukae mkekani na watoto kwa saa moja, tukiwa na mkasi na madaftari ya zamani. Fedha itakayobaki itanunua mapya mwezi Januari.