Acheni kuicheka Benidorm

Wadau, kuna ugonjwa umetuingia sisi tuliosoma kidogo. Mtu hajawahi kukanyaga Hispania, lakini atakwambia kwa uhakika kabisa kwamba Benidorm ni aibu ya bahari ya Mediterania: maghorofa yamesongamana, Waingereza walevi, bia za bei poa. Mwulize pwani nzuri ni ipi, atakutajia Marbella. Majumba meupe, boti za matajiri, viwanja vya gofu. Kisha anahitimisha kama mtaalamu: sisi tusiige ile ya kwanza, tuige hii ya pili. Watalii wachache wanaolipa sana!

Mimi napinga, na nina sababu zangu.

Tuanze na historia. Benidorm, mkoa wa Alicante, ilikuwa kijiji cha wavuvi wa jodari. Uvuvi ulipodorora, meya wao, Pedro Zaragoza, akaona riziki imebaki kwenye jua na mchanga. Kisa anachokumbukwa nacho zaidi ni cha bikini. Aliziruhusu ufukweni, Kanisa likamjia juu, naye mwenyewe alipenda kusimulia jinsi alivyopanda pikipiki ya Vespa mpaka Madrid kumwomba Jenerali Franco amkinge. Kisa kitamu, lakini kwangu si hicho kilichoijenga Benidorm. Kilichoijenga ni karatasi: mpango wa mji wa 1956. Hispania ya wakati ule miji mingi ya pwani ilijengwa kiholela, lakini hawa walichora kwanza barabara pana, wakaamua kila jengo liachiwe nafasi wazi pembeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakaondoa ukomo wa urefu. Ukitaka vyumba vingi, panda juu, usitambae pembeni.

Ndiyo maana leo kuna Gran Hotel Bali, iliyofunguliwa 2002, yenye mita 186. Unaweza kusema ni mbaya kwa sura. Sawa, sibishani na macho ya mtu. Ila piga hesabu. Watu elfu moja ndani ya jengo moja wanatumia kiwanja kimoja, bomba moja la maji na bwawa moja la kuogelea, na wanakwenda baharini kwa miguu. Watu haohao elfu moja ukiwapa majumba ya kifahari wanahitaji vilima kadhaa, barabara za lami kwenda kila geti, bwawa kila ua, na majani ya kumwagilia katika nchi ambayo mvua ni ya kuomba. Kati ya hao wawili, nani anaharibu pwani?

Suala la maji peke yake linatosha kumaliza ubishi. Mwaka 1978 ukame uliibana Benidorm mpaka maji yakaletwa kwa meli. Hawakuishia kulia. Mji huo na majirani zake wana chombo cha pamoja cha maji, na wana makubaliano na wakulima ambayo mimi nayaona ya akili sana: maji taka ya hoteli yanasafishwa, yanakwenda kumwagilia mashamba, na wakulima nao wanauachia mji maji safi ya mabwawa. Mtalii anaoga, mkulima anavuna. Hapo hakuna ufahari wowote wa kupiga picha, na pengine ndiyo sababu hatusikii habari zake.

Tunachosikia ni vichekesho. Mwaka 2013 habari ilizunguka dunia nzima kwamba huko Benidorm wamejenga jengo la ghorofa 47, Intempo, wakasahau kuweka lifti! Magazeti makubwa yakanakili, watu wakacheka mpaka machozi. Ilikuwa uongo. Lifti zilikuwemo. Jengo lilikwama kwa sababu ya fedha, baada ya uchumi wa Hispania kuanguka 2008, na lilikuja kumalizika 2021. Sisi wa vyumba vya habari tujiulize kwa nini uongo ule ulipita kirahisi hivyo. Jibu ni kwamba ulihusu mji wa watu wa kipato cha kawaida. Ukishaamini kwamba watu hao hawana ladha, utaamini pia kwamba hawana akili.

Haya, sasa twende Marbella.

Pale utalii ulianza na mwana wa ukoo wa kifalme, Alfonso de Hohenlohe, aliyefungua Marbella Club mwaka 1954. Mwaka 1970 ikafunguliwa bandari ya boti za kifahari, Puerto Banús. Wageni wachache wanaolipa sana, kama mnavyotaka. Mwaka 1991 akaingia madarakani meya Jesús Gil, mfanyabiashara wa ujenzi na rais wa klabu ya Atlético Madrid, akaahidi usafi na fedha. Kilichofuata ni vibali vya kujenga kutoka kama njugu. Mwaka 2002 Gil aliondolewa kwa hukumu ya mahakama katika kesi ya fedha za mji zilizokwenda kwenye jezi za klabu yake. Waliomfuata hawakuwa bora. Mwaka 2006 polisi walikamata vigogo wa halmashauri katika operesheni iliyoitwa Malaya, na Aprili mwaka huohuo serikali ya Hispania ikaivunja halmashauri nzima, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu demokrasia irudi. Maelfu ya nyumba zilibainika kujengwa kinyume cha mpango. Mwaka 2010 wakapitisha mpango mpya wa kuhalalisha nyingi kati ya hizo, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ikaufuta.

Hao ndio wachache wanaolipa sana. Swali ambalo wapenzi wa kaulimbiu hiyo hawaulizi ni moja tu: wanamlipa nani?

Kama mnadhani Marbella ni bahati mbaya, tazameni Almería. Ndani ya hifadhi ya Cabo de Gata, ufukwe wa El Algarrobico, limesimama gofu la hoteli yenye vyumba 411. Halmashauri ya Carboneras ilitoa kibali 2003, jaji akasimamisha ujenzi 2006, na 2016 Mahakama Kuu ikasema ardhi ile haijengeki. Mwaka 2025 serikali ya Madrid bado ilikuwa kwenye hatua za kutwaa sehemu ya eneo ili jengo livunjwe. Karibu miaka ishirini ya kesi, na hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kulala pale. Kujenga kibali kinatosha. Kubomoa kunahitaji kizazi kizima.

Najua mtakachosema. Mtasema: mbona Wahispania wenyewe wameandamana? Kweli wameandamana, Málaga, Mallorca, Barcelona, mwaka 2024, mwaka ambao nchi yao ilipokea watalii karibu milioni 94. Lakini sikilizeni walichokuwa wanadai. Kubwa ni kodi ya nyumba. Fleti walizokuwa wanapanga wenyeji zimegeuzwa za kulaza wageni kwa siku mbili tatu. Barcelona ilitangaza mwaka huohuo kwamba leseni zaidi ya 10,000 za fleti hizo hazitaendelea baada ya Novemba 2028. Benidorm nayo haijakwepa tatizo hilo, na mfanyakazi wa hoteli pale anahangaika kupata chumba kama mwenzake wa kwingine. Silifichi. Ila dawa yake si kumfukuza fundi bomba wa Manchester aliyejilipia wiki moja ya jua na kumleta bilionea. Bilionea hachukui chumba, anachukua kilima.

Na kuna jambo wachekaji hawalijui. Tangu 1985 serikali ya Hispania imekuwa ikichangia gharama za likizo za wastaafu nje ya msimu wa joto, na Benidorm ni moja ya miji inayowapokea kwa wingi. Kwa hiyo Januari, wakati miji mingine ya pwani imefunga milango, pale bibi na babu wanacheza dansi, na mhudumu ana kazi. Mstaafu wa kiwanda analala mita chache kutoka baharini. Nionyesheni hoteli ya kifahari inayofanya hivyo.

Zaidi ya yote, ufukwe wenyewe. Katiba ya Hispania ya 1978 inasema fukwe ni mali ya umma, na Sheria ya Pwani ya 1988 ikaweka ukanda wa ulinzi wa mita 100 kutoka ukingo wa bahari, au 20 sehemu zilizokwisha kuwa mji. Pale Levante au Poniente unatandika taulo lako, hukuulizwa unalala hoteli gani. Vuka uende Italia uone sehemu ndefu za ufukwe zilivyokodishwa kwa watu binafsi, mwavuli na kitanda kwa malipo.

Sisi nasi tuna sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ya Tanzania Bara inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Nendeni mkapime wenyewe, halafu hesabuni kuta mtakazozikuta kabla ya maji. Mtoto wa mvuvi anazunguka ukuta kufika alikozaliwa baba yake, na sisi tunashangilia kwamba tumepata wawekezaji wa hadhi.

Siombi tujenge maghorofa 47 Bagamoyo. Naomba tu tuanze na maswali ya Benidorm: mpango uko wapi, maji yatatoka wapi, kazi itakuwepo Januari, na mwananchi atapita wapi kwenda kuoga? Anayekuja na picha za majumba meupe bila majibu hayo, mwambieni arudi nazo kwao.

Naomba kutoa hoja.