Mahame ya Mijini Yakarabatiwe, Yauziwe Wapangaji

Kila mwezi mwalimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri wake hutoa kiasi kama hicho. Sina ugomvi na nia ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024. Ninalouliza ni hili: mbona fikira zetu zote zimeelekezwa kwenye ghorofa mpya, ilhali mijini mwetu mna nyumba zilizokwisha kujengwa ambazo zimegeuka mahame?

Anayetembea mjini Kisii, au hata Nyamira, hakosi kuziona. Zipo nyumba kuukuu za watumishi wa serikali, mabati yake yameliwa na kutu. Zipo pia za watu binafsi ambao walifariki na warithi wakashindwa kupatana. Mlango ukapigwa kufuli, kesi ya urithi ikakaa mahakamani miaka nenda miaka rudi, na mvua ya Gusii, isiyojua kesi wala kufuli, ikaendelea na kazi yake. Mara nyingi ukuta ungali imara. Kilichooza ni paa.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa Kaunti ya Kisii ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba. Mashamba yamegawanywa baba kwa mwana hadi yamekuwa vipande visivyotosha mstari mmoja wa migomba. Hata hivyo, bado tunashikilia kwamba nyumba ya mjini ni mahali pa kulala tu, na kwamba boma la mtu ni kule kwa babake. Basi mwalimu hulipa kodi Nyanchwa au Jogoo miaka thelathini, huku akijenga kijijini nyumba kubwa inayofunguliwa Desemba na wakati wa matanga. Ni mpangaji anakoishi, na mwenye nyumba asikoishi.

Wenzetu wamejaribu njia nyingine. Katika miaka ya 1970 mji wa Baltimore, Marekani, uliuza nyumba zilizoachwa kwa dola moja, na mwaka 2013 Liverpool, Uingereza, ikaanza kuuza zake kwa pauni moja. Bei hiyo haikuwa zawadi, kwani mnunuzi alitakiwa kuikarabati nyumba na kuishi humo mwenyewe.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti suala la makazi, nazo zikarithi mali ya mabaraza ya zamani. Zina uwezo, basi, wa kuuza nyumba hizo kwa utaratibu wa kupanga huku ukinunua, ambao Shirika la Kitaifa la Nyumba limeutumia kwa miongo mingi. Zile zenye mzozo wa urithi haziwezi kunyakuliwa, wala mimi sipendekezi hivyo; lakini warithi wakikubali, kaunti yaweza kuzikarabati, kuzipangisha hadi gharama irudi, kisha kuwarejeshea.

Hofu yangu ni moja. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa wakubwa na marafiki zao. Nyumba hizi zikiuzwa gizani, atakayezipata si mwalimu wa shule ya msingi wala muuguzi, bali yule aliye na nyumba tano tayari. Kwa hiyo orodha ya nyumba, bei yake na majina ya wanunuzi ibandikwe hadharani katika kila ofisi ya chifu, na anayenunua azuiwe kuuza kwa miaka kumi.

Mafundi hatutawatafuta mbali. Chuo cha Kitaifa cha Ufundi kipo papo hapo Kisii, na wanafunzi wake wa uashi, useremala na umeme wanahitaji mahali pa kufanyia mazoezi. Wapewe nyumba mbili za kwanza, walipwe posho, na gharama ya kila bati na kila mfuko wa saruji iandikwe, ili bunge la kaunti linapojadili bajeti lijue ukarabati unagharimu kiasi gani hasa.