Maji yaliyojificha ndani ya zege: mtihani wa Dallas na Houston

Katikati ya mji wa Dallas, jimboni Texas, familia hupumzika juu ya nyasi za bustani ya Klyde Warren, iliyofunguliwa mwaka 2012 juu ya barabara kuu ya Woodall Rodgers. Chini yao magari hupita usiku na mchana. Kinachotenganisha watoto na magari hayo ni paa la zege.

Houston nayo ina handaki la Washburn, lililofunguliwa mwaka 1950 chini ya mkondo wa meli, jirani na viwanda vya mafuta. Mpango wa kuijenga upya barabara kuu ya I-45 unakusudia kuishusha chini ya usawa wa ardhi katika baadhi ya sehemu za mji huo.

Swali linalowakabili wahandisi ni je, zege hilo litastahimili vipi iwapo lori la mafuta litawaka moto chini yake?

Zege haliungui, na kwa sababu hiyo huaminiwa sana. Lakini, kama wasemavyo wahenga, kikulacho ki nguoni mwako. Ndani ya vitundu vyake vidogo mno mna maji. Moto unapolipasha joto, maji hayo hugeuka mvuke. Sehemu ya mvuke hutoka nje, na sehemu nyingine husukumwa ndani, kwenye ubaridi, ambako hurudi kuwa maji na kuziba njia. Shinikizo hupanda, na vipande vya zege huweza kufyatuka kwa kishindo na kuziacha nondo wazi mbele ya moto.

Hayo si ya kufikirika. Mwezi Novemba mwaka 1996, moto katika njia ya reli iliyo chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa ulimega sehemu kubwa ya kuta za zege. Hakuna aliyefariki, lakini ukarabati ulichukua miezi kadhaa.

Kwa muda mrefu wataalamu wamebishana. Wapo wanaolaumu shinikizo la mvuke, na wapo wanaosema chanzo kikuu ni uso wa zege kutanuka kwa joto huku sehemu ya ndani ikiuzuia. Ugumu ulikuwa kwamba haikuwa rahisi kuyaona maji yakisafiri.

Hapo ndipo nyutroni zilipoleta mwanga. Eksirei hutambua zaidi uzito wa kitu, ilhali nyutroni hutawanywa kwa nguvu na haidrojeni, ambayo imo ndani ya maji. Uswisi, na baadaye Grenoble nchini Ufaransa, watafiti walipasha joto vipande vya zege mbele ya miale ya nyutroni. Walishuhudia eneo kavu likisonga mbele kadiri joto lilivyopenya. Grenoble waliweza kupata picha kamili ya pande tatu takriban kila dakika.

Texas haina haja ya kuanza na mikono mitupu. Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin na kile cha Texas A&M mjini College Station vina vinu vya nyuklia vya utafiti. Hata hivyo, nguvu zake ni takriban megawati moja tu, ilhali kinu cha Grenoble kina megawati 58. Picha za haraka kama zile za Ufaransa si rahisi kupatikana huko.

Aidha, kipande kidogo cha maabara si paa la barabara. Paa hubeba mzigo, na hewa ya Houston, iliyo karibu na bahari, ina unyevu mwingi kuliko ya Dallas. Zege la kila mji linahitaji kupimwa kwa hali yake.

Dawa inayotumika inajulikana: nyuzi nyembamba za plastiki aina ya polipropilini, ambazo huyeyuka kwenye joto la nyuzi 170 hivi na kuuachia mvuke njia. Kanuni za Ulaya zinapendekeza zaidi ya kilo 2 kwa kila mita ya ujazo katika zege lenye nguvu kubwa. Jambo la kushangaza ni kwamba zege hilo lililoshikana sana, ambalo wajenzi hulisifu, ndilo lililo hatarini zaidi, kwani mvuke hauna pa kupita.

Somo hilo linaihusu pia Afrika Mashariki. Reli ya kisasa ya Kenya hupita katika handaki la Ngong, lenye urefu wa kilomita 4 na nusu hivi. Huko, kama ilivyo Dallas na Houston, nguvu ya zege peke yake haitoshi kuwa dhamana. Yapasa kuuliza pia mvuke utatokea wapi siku ya moto.